Ukiliona Gugu Hili Kiwanjani Kwako, Weka Jembe Chini

Mwenyekiti, wanakamati, ndugu wenye nyumba, na ninyi ambao bado mnatafuta nyumba ya kununua hapa Uingereza, habari za jioni. Asanteni kwa kunialika.

Kabla sijafika mbali niseme wazi: kudhibiti notiwidi ya Kijapani, gugu ambalo Waingereza huliita Japanese knotweed, ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo mkinisikia nikiwatisha kupita kiasi mna haki ya kunitilia shaka, maana mwenye kuuza dawa hakosi kuusifia ugonjwa. Nusu ya niliyokuja kusema leo ni ya kuwapunguzia hofu. Nusu nyingine ni ya kuwazuia msishike jembe.

Nianze na hilo la jembe. Mtu anatoka nyuma ya nyumba mwezi wa nne, anaona vichipukizi vyenye wekundu wa zambarau vimetoboa udongo karibu na uzio. Anapuuza. Mwezi haujaisha, vimemfika kifuani. Joto likikolea mmea huu unaweza kurefuka sentimita 10 kwa siku, na kufikia mita 3 kabla ya kutoa maua. Hasira inampanda. Anachimba, anang'oa, anakusanya lundo, nusu anaitupa nyuma ya banda na nusu anaichanganya na mboji. Usiku analala mgongo unamuuma lakini roho imetulia. Mwaka unaofuata, pale palipokuwa na kichaka kimoja pana vitatu, na nyuma ya banda pamestawi shamba jipya.

Sababu iko chini. Kinachoonekana juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya mmea. Mmea wenyewe hasa ni rizomu, yaani shina linalotambaa chini ya udongo likibeba akiba ya chakula. Nina kipande hapa kwenye mfuko uliofungwa, nitakipitisha mkione, ila tafadhali mfuko usifunguliwe. Kwa nje kina gome la kahawia iliyokoza, lenye vifundo vifundo. Kikiwa kibichi ukikivunja kinakatika kwa mlio kama karoti, na ndani utakuta rangi ya machungwa. Rangi hiyo ndiyo inayonisaidia zaidi wakati wa baridi, majani yakiwa hayapo: ukifukua kidogo ukaiona, umeshajua.

Sasa angalieni ukubwa. Kipande cha rizomu chenye uzito wa gramu 0.7 tu, kisichozidi ncha ya kidole, kinatosha kuotesha mmea mzima. Fikirini jembe likipigwa mara mia kwenye udongo uliojaa vitu hivi. Jembe haling'oi gugu hili, linaligawa. Ndivyo ilivyo hata kwa mashine ya kukatia nyasi, maana vifundo vya shina bichi navyo vinaweza kutoa mizizi vikiangukia penye unyevu. Na ndivyo ilivyo kwa matairi ya katapila, soli za viatu vya mafundi, na lori la udongo wa bei poa ulioletwa kusawazisha bustani.

Kuna jambo moja ambalo watu wakilisikia hunikazia macho kana kwamba nawatania. Notiwidi ya Kijapani iliyoko Uingereza ni mmea mmoja. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba yote ni ya kike na yote imetokana na chanzo kimoja. Dume lake halipo nchini. Mbegu chache zinazopatikana hutokana na chavua za jamaa zake wa karibu, na ni nadra sana ziote na kuishi. Maana yake ni kwamba karibu kila kichaka mnachokiona kandokando ya reli, mtoni, au nyuma ya nyumba ya jirani, kilifika hapo kwa mkono wa mtu au kwa maji ya mto. Mkilishika hilo, mengine yote nitakayosema yatakuwa mepesi.

Aliyeufikisha Ulaya ni Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyewafanyia kazi Waholanzi kule Nagasaki katika miaka ya 1820. Alikuwa na bustani ya biashara mjini Leiden, na mwaka 1847 chama cha kilimo na bustani cha Utrecht kiliutunuku mmea huu medali ya dhahabu kama mmea mpya wa mapambo uliovutia zaidi mwaka ule. Mwaka 1850 kifurushi chake kilifika bustani ya kifalme ya Kew. Watu waliulipia pesa taslimu wapandiwe! Wanaolijua gugu maji la Ziwa Viktoria hawatashangaa. Na lile lilianza safari kama ua la kupamba madimbwi.

Kwao Japani, mmea huu ni miongoni mwa mimea ya kwanza kuota kwenye majivu na mawe ya volkano, mahali ambapo mimea mingine inashindwa. Umezoea kufukiwa na kutoboa tena kuja juu. Basi mwaka 1886 ulirekodiwa ukiwa umejaa kwenye malundo ya majivu ya viwanda karibu na Maesteg, kusini mwa Wales. Ulikuta mazingira yanayofanana na ya kwao, ila wadudu na kuvu wanaoushambulia kule wamebaki Japani. Jina hilo la Maesteg liwekeni akilini, tutalirudia mahakamani.

Kuutambua si kigumu ukishaonyeshwa mara moja. Majani ni mapana, yana umbo la ngao, na sehemu inayokutana na kikonyo imenyooka kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Yamepangwa moja huku, moja kule, na kitawi kinakwenda upogoupogo kutoka jani hadi jani. Shina ni la kijani lenye madoadoa ya zambarau, lina vifundo, na ndani ni tupu. Maua madogo yenye rangi ya malai hutoka mwishoni mwa Agosti na Septemba. Wengi huuchanganya na mwanzi, lakini majani ya mwanzi ni membamba na hayapukutiki yote wakati wa baridi. Ukiwa na shaka piga picha ya jani, ya shina na ya kifundo, umpelekee anayejua. Usikate tawi ukazunguka nalo mtaani ukiuliza.

Sasa hofu. Mmesikia kwamba gugu hili linatoboa zege na kuangusha nyumba. Gugu haliwezi kutoboa zege zima. Linachofanya ni kupenya penye ufa, kwenye maungio ya vigae vya uani, kwenye bomba la maji machafu lililokwisha pasuka, kisha likinenepa linapanua ufa ule. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds wakishirikiana na kampuni ya uhandisi ya AECOM walichapisha utafiti uliohusisha mitaa ya nyumba zilizotelekezwa, ambako gugu lilikuwa limejiotea bila wa kulizuia. Hawakuona ushahidi kwamba linaharibu majengo kuliko mimea mingine mikubwa. Baadhi ya miti ni hatari zaidi. Mwaka uliofuata kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza ikasema msimamo wa nchi hii kuhusu mmea huu umekuwa wa tahadhari kupita nchi nyingine. Wakaguzi wa majengo nao, kupitia chama chao cha RICS, walikuwa wakitumia kipimo cha mita 7 kutoka kwenye nyumba tangu 2012. Machi 2022 walikiacha, wakashuka hadi mita 3, na wakaanza kutazama madhara halisi badala ya umbali peke yake.

Kwa hiyo kama una kichaka mwisho wa bustani, nyumba yako haitaanguka. Kinachoweza kuanguka ni bei, na bei inaendeshwa na hofu ya mnunuzi na ya benki yake. Hofu hiyo haitibiwi kwa kumwambia mtu asiogope. Inatibiwa kwa karatasi zinazoonyesha kwamba kazi inafanyika.

Kazi yenyewe, basi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Dawa inayotumika zaidi ni glaifoseti. Watu wengi huipulizia Mei, gugu likiwa linakua kwa fujo na wao wakiwa na hasira. Majani yanakauka, wanafurahi, Julai limerudi. Tazameni chakula kinavyosafiri ndani ya mmea. Majira ya kuchipua, akiba iliyoko kwenye rizomu inapanda juu kujenga mashina na majani. Kila kitu kinaelekea juu. Dawa utakayoweka kwenye jani wakati huo itaua jani, lakini haitashuka vya kutosha. Mwishoni mwa majira ya joto, maua yakitoka na baada yake, mkondo unageuka: majani yanatengeneza sukari na kuiteremsha chini iwe akiba ya msimu wa baridi. Dawa ikiingia kwenye jani wakati huo inateremka pamoja na sukari, inafika kule ambako jembe halifiki. Ndiyo maana mteja akinipigia simu mwezi wa tano akitaka nije kesho, mara nyingi namwambia tupange Agosti au Septemba, na ananiona mvivu.

Chuo Kikuu cha Swansea kilifanya majaribio makubwa ya mashambani kule kusini mwa Wales, kikalinganisha njia 19 tofauti kwa miaka 3, na matokeo yakachapishwa 2018. Hakuna njia hata moja iliyolimaliza gugu kabisa ndani ya muda huo. Iliyofanya vizuri zaidi ni glaifoseti iliyopuliziwa kwenye majani kwa kipimo sahihi na kwa majira sahihi. Kuchoma sindano kwenye kila shina, njia ambayo wateja huipenda kwa sababu inaonekana ya kitaalamu, hutumia dawa nyingi zaidi. Mimi huitumia pale tu ambapo gugu limeota katikati ya mimea ambayo mwenye nyumba anaipenda, maana glaifoseti haichagui; kila jani la kijani linaloguswa litaumia.

Najua kuna mtu atauliza kuhusu saratani. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Mamlaka za udhibiti za Uingereza na za Umoja wa Ulaya zimeendelea kuiruhusu. Ninachowaambia ni hiki: vaeni glavu, fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, msipulizie siku ya upepo wala mvua ikinyemelea, na mkiwa karibu na mto au kijito msiguse kitu bila idhini ya mamlaka ya mazingira. Mwenye nyumba anaruhusiwa kupulizia mwenyewe katika bustani yake kwa dawa za matumizi ya nyumbani. Lakini kama una mpango wa kuuza, upuliziaji wako hautakupa hati, na hati ndiyo benki inayoitaka.

Baada ya msimu wa kwanza wa dawa kuna mtego. Gugu linarudi likiwa limedumaa, vijani vidogo vilivyojikunja, vimesongamana chini, hata havifanani na gugu lenyewe. Mwenye nyumba anadhani ni kitu kingine, au anaona limekwisha, anasitisha mkataba. Halijafa. Rizomu inaweza kulala chini ya udongo bila kutoa kitu, mpaka siku fundi anapochimba msingi wa banda na kuisumbua. Hesabuni misimu 3 au 4 ya dawa, halafu miaka 2 ya kutazama bila kuona chochote. Kampuni ikikuahidi kulimaliza kwa msimu mmoja kwa dawa peke yake, ipe chai, agana nayo kwa heshima.

Kuchimba kwa katapila kupo, na wakati mwingine ndiyo njia pekee, kwa mfano unapotaka kujenga mwaka huu huu. Ila gharama yake ni ya kutisha, kwa sababu udongo wote wenye rizomu ni taka inayodhibitiwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1990. Lazima ubebwe na msafirishaji aliyesajiliwa na upelekwe kwenye dampo lenye kibali. Ukitaka kuufukia hapo hapo, miongozo inataka uwe na kina cha mita 5, au mita 2 kama umefungwa ndani ya utando maalumu wa kuzuia mizizi. Viwanja vingi vya nyumba havina nafasi ya shimo la namna hiyo.

Wadudu? Mwaka 2010 serikali iliruhusu kuachiliwa kwa kidudu kidogo kutoka Japani kinachofyonza utomvu wa mmea huu, kiitwacho Aphalara itadori. Wazo ni zuri, lakini kimepata shida kuzoea mazingira ya hapa, na kwa bustani ya mtu mmoja hakina msaada leo.

Nije kwenye sheria, maana ndiko hofu na ukimya vinakokutana. Kuwa na gugu hili kwenye kiwanja chako si kosa. Hulazimiki kuliripoti serikalini. Kosa, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, ni kulipanda au kulisababisha liote porini, na adhabu yake ni faini au kifungo kinachoweza kufika miaka 2. Yule wa kwanza niliyemtaja, aliyetupa lundo, kama angelitupa kando ya mto badala ya nyuma ya banda lake, hapo ndipo angekuwa na kesi.

Kesi ya jirani ni tofauti. Hapa turudi Maesteg. Wenye nyumba wawili wa mji ule walilishtaki shirika la reli, Network Rail, kwa gugu lililokuwa kwenye ardhi ya reli nyuma ya nyumba zao. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi, lakini kwa hoja ambayo wengi hawakuisoma vizuri: hawakushinda kwa sababu tu bei ya nyumba imeshuka. Walishinda kwa sababu rizomu iliyopo au inayonyemelea inamzuia mtu kuitumia na kuifurahia ardhi yake. Kisha Mei 2024 Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya zote nchini, iliamua kesi nyingine, dhidi ya halmashauri ya Bridgend, eneo ulimo mji huo huo wa Maesteg, na safari hii mwenye nyumba alishindwa kudai kushuka kwa thamani, kwa kuwa gugu lilikuwa limeshaingia kwake miaka mingi kabla halmashauri haijaanza kuwa na kosa. Tarehe ndiyo iliyoamua. Ukiliona linakuja kutoka kwa jirani, piga picha zenye tarehe na mwandikie barua siku hiyo hiyo. Anza kwa upole: “Ndugu jirani, nadhani tuna tatizo la pamoja, je tugawane gharama?” Kupulizia upande mmoja wa uzio ukiacha mwingine ni kupoteza fedha, na jirani aliyeshambuliwa kwa barua ya wakili hafungui geti kirahisi.

Ukiuza nyumba, utajaza fomu ya TA6, ambayo muuzaji humweleza mnunuzi hali ya nyumba, na ndani yake kuna swali la moja kwa moja kuhusu notiwidi ya Kijapani: Ndiyo, Hapana, au Sijui. Maelezo ya fomu yanasema uandike Hapana iwapo tu una hakika kwamba hakuna rizomu ardhini kwako wala ndani ya mita 3 kutoka mpaka wako, hata kama juu hakuna kinachoonekana. Ni watu wachache mno wenye hakika hiyo. Mwaka 2023 mahakama ya London ilimwamuru muuzaji aliyejaza Hapana amlipe mnunuzi fidia ya pauni 32,000, na gharama za mawakili zikaizidi fidia hiyo kwa mbali. Gugu lilikuwa nyuma ya banda. Angejibu Ndiyo na kuambatisha mpango wa matibabu, angegharimika kidogo sana kuliko hivyo.

Dada aliyekaa kule mbele aliniuliza kabla hatujaanza kama anunue nyumba aliyoipenda, ambayo muuzaji amekiri ina gugu. Jibu langu ni kwamba muuzaji aliyekiri amekufanyia hisani. Muulize mkataba wa matibabu ulianza lini, misimu mingapi imekwisha, na kama kuna dhamana ya bima, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 10, inayoweza kuhamishiwa kwako na baadaye kwa atakayenunua kutoka kwako. Hakikisha dhamana inabaki hai hata kampuni ikifilisika; kampuni za kazi yetu hufungwa kila siku. Dai bei ipunguzwe kwa gharama ya misimu iliyobaki, usidai zaidi ya hapo, na mwombe wakili wako aipeleke hati benki mapema, siyo wiki ya mwisho.

Nyumba inayonitia wasiwasi ni ya aina nyingine: ile ambayo muuzaji ameandika Sijui na bustani imetandazwa kokoto mpya juu ya plastiki. Hiyo mtumie mkaguzi wa magugu kabla hujabadilishana mikataba, na ukiweza mtume kati ya Juni na Septemba, maana Januari hata mimi naweza kusimama juu ya rizomu nisijue.